Andrea Alivyokwenda Kumposa Mbwa

Magreth, katibu wa jumuiya yetu, haniachi nipumue. Kila nikitoka kanisani ananishika mkono: "Bibi, andika maisha ya mzee Andrea. Wewe ndiye dada yake, sisi wengine tutajua nini?" Eti wanatengeneza kijitabu cha watu wa kigango, vijana wasome. Mimi niliyeacha shule darasa la pili, mkono wenyewe umezoea jembe, ndiye niandike. Waliosoma wana kazi nyingi, wanachezea simu. Haya, naandika. Lakini naandika ninavyotaka mimi, na asiyependa akapalilie shamba lake.

Andrea ni mdogo wangu, tumbo moja. Ni fundi seremala. Nusu ya milango ya huku Matombo kaichonga yeye. Jeneza la marehemu mume wangu kalichonga yeye pia, na lilifunga vizuri kuliko mlango wangu wa jikoni. Ni mtu anayevaa tai kwenda kuchuma machungwa. Ubao akiletewa anaugeuza mbele na nyuma, anaugonga, anaunusa, mpaka mwenye ubao anaona aibu kama kaleta binti asiyeoga. Mkewe Anastasia alipofariki, Andrea alibaki peke yake kule juu na nyumba yake, shamba la mahindi kwenye mteremko, na nyani.

Nyani wa kule juu ni watu wa heshima. Hawaibi, wanakuja kula. Msimu mmoja walimwachia Andrea mabua matupu, asante wala hawakusema. Binti yake Janeth, anayekaa mjini Kihonda, akapanda mlima kuja kumchukua.

"Baba, shamba hulimudu tena. Twende ukae na sisi. Kuna maji ya bomba, kuna televisheni."

"Sijaona mtu aliyevuna televisheni," Andrea akamjibu.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Janeth akasema, "Haya baba, nakupa mavuno mengine. Nyani wakila tena, nakuja na gari." Na Janeth ni wa ukoo wetu kwa ubishi, hata kama ukoo ni wa mama yake. Akisema gari, ni gari.

Mimi najua kungetokea nini. Wangemweka Andrea kwenye kiti cha plastiki barazani, aangalie ukuta wa jirani, na kila mgeni angeambiwa, "Huyu ni babu, alikuwa fundi." Alikuwa! Mtu hajafa wameshamweka kwenye alikuwa.

Basi akahitaji mbwa wa kulinda shamba. Kijiji kilikuwa na mbwa tele siku hizo, nikamwambia achague.

"Hao koko, dada. Hawana ukoo."

"Wewe unataka mbwa au unataka mkwe?"

Alivaa tai, akashuka Morogoro kwa bwana mmoja anaitwa Fidelis, anayefuga mbwa wale wa Kijerumani, wenye mgongo unaoteremka kama paa la banda. Akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, kafunikwa kitenge. Hata mimi sikupokelewa hivyo nilipoolewa.

"Nimeuliza vizuri," akaniambia, kifua mbele. "Mama yake Suzi. Mama wa Suzi ni Keti. Mama wa Keti ni Roza, alitoka Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Hakuna kichaa, hakuna kifafa, wote wamezaa salama. Damu safi."

"Na baba?"

"Baba ni Sultani. Nimemwona. Dume kubwa, masikio yamesimama kama pembe."

"Baba wa Suzi, je?"

Akaanza kumpanga mbwa masikio. "Dada, sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha habari za watu. Mbwa nilikuwa bado sijafika."

Na hata kwa watu, nani kakwambia upande wa baba hauulizwi? Tunauliza. Ila mwanaume akishapenda, anauliza lile analojua jibu lake ni tamu.

Akamwita Kamanda. Sikatai, alikuwa mzuri. Watu walipanda mlima kuja kumtazama, na Andrea akawasimulia habari za Roza wa Tanga kama vile walisoma wote. Kamanda akakua, akapata kifua, akapata sauti ya padre. Kitu kimoja tu hakukipata: miguu ya nyuma. Alikuwa akitembea kiuno kinayumba, kama mwanamke aliyefunga kanga vibaya akaogopa kukimbia. Akipanda kidogo, anakaa. Na shamba la Andrea, kama hujafika, ni kupanda tu mpaka umwone Mungu.

"Anajifunza kutulia," Andrea akasema. "Mbwa wa kazi hutulia."

Alitulia kweli. Ikafika mahali Andrea, mzee mzima mwenye tai, anambeba Kamanda mgongoni kwa kitenge kama mtoto, anampandisha shamba, anamkalisha pembeni ya mahindi. Niliwaona mwenyewe. Kamanda kakaa, anabweka. Nyani dume kaja, kamtazama, kaenda kulia, kaenda kushoto, Kamanda hainuki. Nyani naye akakaa. Akachuma hindi, akalimenya taratibu, wakatazamana kama wazee wawili kwenye msiba. Kilichokuwa kinaliwa ni msimu wa Andrea, na yeye amesimama pale ananiambia, "Lakini sauti umeisikia, dada?"

Siku Kamanda alipolia kwa kuinuka tu, ndipo Andrea alipokubali tumpeleke mjini. Tulipanda lori la ndizi, mimi, yeye na mgonjwa wake. Daktari wa mifugo, binti mdogo mwenye adabu, akatupa shikamoo zetu, akampiga Kamanda picha ya mifupa. Akatuonyesha: mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, unatakiwa ukae ndani ya nyonga kama mchi kwenye kinu. Wa Kamanda ulikuwa unachungulia nje.

"Huu ugonjwa mara nyingi hurithiwa," akasema. "Na ndugu wakizalishana, ubovu wa huyu unakutana na ubovu uleule wa yule, mtoto anaubeba wote. Wazazi wake walipigwa picha kama hii kabla ya kupandishwa?"

Andrea akatazama tai yake.

Tukaenda kwa Fidelis. Safari hii niliuliza mimi.

"Baba wa Kamanda nani?"

"Sultani, bibi."

"Baba wa Suzi, mama yake?"

"Sultani."

"Na baba wa Keti, mama wa Suzi?"

"Sultani huyohuyo," Fidelis akasema, anatabasamu kama anayetaja maaskofu. "Ndiyo maana damu haijachanganyika, bibi. Unaona wote wanavyofanana?"

"Naona. Kwa hiyo Kamanda akikosana na baba yake, akisema akamshtaki kwa babu yake, anamkuta baba yake."

Fidelis akacheka, akidhani nampongeza. Akatuambia Kamanda asihasiwe. Tumlete apandishwe kwa dada yake, ili mkao ule wa shingo usipotee. Na kwa kuwa Andrea ni mteja mzuri, atampa mtoto mwingine bure, sasa hivi, achukue. Akamweka miguuni pa Andrea. Wa Sultani tena.

Hapo sikucheka. Yule mtoto alikuwa anakimbia, anauma kamba za viatu, miguu minne yote inafanya kazi. Mahindi ya Andrea yaliyobaki yalikuwa yameshabeba, Janeth kashaulizia gari, na huku kijijini watoto wa mbwa walishagawanywa wote. Andrea akamwinua. Akamgeuza mbele na nyuma. Nikamwona anavyomtaka.

"Kamanda naye alikuwa anakimbia hivi," nikasema. "Fidelis, mwite Sultani aje."

"Amepumzika, bibi. Ni mzee."

"Mimi pia mzee, na nimeshuka kwenye lori."

Akamwita. Sultani alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha tangi. Alisukuma miguu ya mbele, akavuta ya nyuma, ikakataa, akavuta tena. Akaja kiuno kinayumba. Kanga ileile.

Andrea alimtazama mpaka alipofika na kujibwaga. Akamshusha mtoto, pole pole.

"Huyu mzuri, Fidelis," akasema. "Ndiyo maana namwogopa."

"Sasa mzee shamba utalinda na nini?"

"Na sufuria."

Kamanda tulimrudisha kwa yule binti akahasiwa. Fidelis alipopata habari alikasirika, akasema tumeua ukoo. Mimi nilisema tumeuzika tu, ulikuwa umeshakufa. Sasa Kamanda yuko nyumbani kwa Andrea, anapewa dawa ya maumivu, anabwekea wageni akiwa amelala. Kazi anayoiweza amepewa.

Na sufuria zinalia kule juu tangu asubuhi. Andrea anagonga upande wa chini, mimi nagonga upande wa juu, kwa sababu mguu wangu una akili kuliko wake. Nyani wamekwisha kutuzoea. Juzi mmoja alisubiri nichoke. Mahindi yanakomaa, na Janeth ametuma salamu kwamba gari lipo.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, umecheka vya kutosha, sasa fanya kazi. Ukiwa na mbwa jike aliyezaa, koko au wa Kizungu, Kinole, Dumila, popote, tuletee mtoto mmoja kabla hatujavuna. Usije na sifa. Njoo na jina la mama na jina la baba, na baba mwenyewe umlete. Apande mbele yangu kutoka barabarani mpaka shambani kwa Andrea. Akifika juu bila kukaa, nitakupikia. Akikaa, mtashuka wote.