Ngege Mdogo wa Kasenyi

Mimi sikusoma. Darasa la nne niliacha, nikaenda kufagia gereji pale Kikorongo, na leo duka la vipuri Kasese mjini ni langu, lori mbili zinazobeba saruji ni zangu, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini kutupa mshipi ziwani nilifundishwa, na aliyenifundisha ni mke wangu.

Yeye alikulia ufukweni, upande wa Kongo, kabla wazazi wake hawajahamia Bwera. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunashuka ziwani, Kasenyi. Niliwahi kununua Kampala fimbo ya kuvulia yenye gurudumu linalong'aa, wavuvi wote wakaja kuishika. Yeye aliitazama, akacheka.

“Muzee, hii ni ya kuvulia ao ya kupigia picha?”

Wake ulikuwa mshipi wa nailoni ulioviringishwa kwenye chupa ya maji. Mwishoni alifunga plagi kuukuu ya bodaboda kutoka dukani kwangu, ndiyo uzito wa kuupeleka mbali, na juu yake ndoano mbili za minyoo. Plagi aliifunga kwa uzi wa kushonea tu. Ikinasa kwenye mawe, uzi unakatika, plagi inabaki, samaki anakuja. Mimi nilifunga yangu kwa nailoni nene, maana kitu changu lazima kiwe imara, na mawe yakanila mishipi mingi.

Kisha akaugua. Walimkata titi la kulia, mkono wa upande ule ukavimba, na daktari akasema ugonjwa umeshafika mbali. Nikasema nitampeleka Nairobi, nitampeleka India. Yeye akasema anataka kwanza kitu kimoja: kula samaki aliyemvuta mwenyewe.

Tukashuka. Tukatazama viboko wako wapi, nikamwekea kiti cha plastiki mchangani. Uzi wa plagi aliufunga kwa meno na mkono wa kushoto. Nilipotaka kusaidia akanipiga kofi la vidole. Kutupa nilitupa mimi. Nikaizungusha plagi juu ya kichwa, nikaachia, ikaenda mbali sana. Kusema ukweli, Kasenyi sijaona anayetupa kama mimi. Nikampa mshipi, akaulaza juu ya kidole.

Jua lilituchoma hadi nikataka kusema twende. Ndipo kidole kikainama.

“Wacha mukono! Iko yangu hii!”

Plagi ikanasa kwenye mawe. Akavuta polepole, uzi ukakatika kama alivyoutaka, mshipi ukaja. Alivuta kwa mkono mmoja, na kila alipochoka aliukanyaga mshipi kwa mguu ili apumue. Mimi nilisimama tu, mikono mgongoni.

Samaki alipolala mchangani, askari wa doria akatokea nyuma yetu. Miaka hiyo wanajeshi walikuwa wanalinda ziwa, hawataki samaki wachanga. Alikuwa na kijiti chenye alama. Akamlaza ngege wetu juu yake, mkia haukufika.

“Mama, hii iko ndogo. Hapana ruhusa.”

“Afande,” nikasema, “wewe unanijua mimi nani? Lori za saruji unazoziona barabarani...”

“Mimi sikuuliza lori, mzee. Mimi naangalia samaki.”

Nikaingiza mkono mfukoni. Mke wangu akaniona.

“Wacha, Baba. Afande anasema kweli.”

Akalowesha mkono kwanza, asimtoe magamba. Akaingia majini hadi vifundoni, akamshikilia chini ya maji mpaka mkia ukaanza kupiga.

“Enda ukomae,” akamwambia yule samaki. “Weye uko na siku.”

Askari akatazama pembeni. “Mama, tupeni tena mshipi majini. Mimi nangoja hapa.”

Mke wangu akatikisa kichwa. Mkono ulikuwa umekwisha. Nikambeba hadi kwenye gari, na alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa saruji.

Hatukushuka tena. Kwenye matanga yake nilileta pikapu nzima ya samaki, wakubwa wa kuokota kwa mikono miwili, watu wakala wakasifu. Mimi sikuweza. Mvuvi mmoja wa Kasenyi akaniuliza, “Yule wa mwisho wa mama, alikuwa mkubwa namna gani?” Wote wakangoja nitanue mikono, maana wananijua.

Nikaonyesha kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole.

“Alikuwa mdogo,” nikasema. “Alikuwa hivi tu.”