Neno Alilolichagua Mama Ntumba

Mwanangu, mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka sitini hupata wapi ujasiri wa kuandika mbele ya watu arobaini? Nimejiuliza hivyo miaka mingi, na jibu sina. Ninachoweza ni kukusimulia alasiri niliyoukuta ujasiri huo umewekwa juu ya meza, na mimi ndiye niliyekuwa nimeujeruhi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu hapa Lubumbashi, na shahada yangu ya lugha nilitembea nayo kama mtu mwenye viatu vipya. Jumuiya yetu ya sala huko Kampemba ilikuwa imefungua kundi kwenye simu, la kutangaza misa, misiba na wagonjwa wa kutembelewa. Siku moja uliingia ujumbe wa Mama Ntumba, mjane wa asili ya Kasai aliyeuza unga wa muhogo sokoni. Hakuwahi kuandika humo kabla. Alisema: "Bandugu, mutoto wa Béatrice iko mugonjwa. Mumubombee."

Alitaka tumwombee mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Lakini sisi sote tumekua na Kilingala cha nyimbo masikioni, na kwa Kilingala *kobomba* ni kuficha. Nikajibu upesi: "Mama, tumufiche wapi? Chini ya kitanda?" Zikafuata nyuso za kicheko, zangu na za wengine. Sikutosheka. Nikaongeza somo: si "mutoto" bali "mtoto", si "iko" bali "ni". Nilikiita Kiswahili bora. Alasiri nzima watu walicheka. Kufikia jioni, kundi lilituarifu kwamba Mama Ntumba ametoka, na hilo nalo nililiona dogo.

Siku tatu baadaye alinijia Baba Ilunga, fundi mstaafu wa reli na kiongozi wa jumuiya yetu.

"Bwana lisansie," alisema, akiitaja shahada yangu kwa Kifaransa cha kwetu, "vaa viatu. Tunaenda kuona kilasi yako."

Nyumbani kwake, Mama Ntumba alitupokea vizuri, akatupa viti. Baba Ilunga akamwomba anionyeshe daftari lake. Alisita, kisha akalisukuma mbele yangu.

Mwanangu, kila alichotaka kuandika aliandika kwanza kwa penseli, ndipo akakihamishia kwenye simu, herufi moja moja. Sentensi zile mbili nilizozicheka zilijaza ukurasa mzima. *Mumuonbe. Mumuwombe. Mumubombee.* Mahali pamoja karatasi ilikuwa imetoboka kwa kufutwa.

"Ilikuchukua muda gani, Mama?" nilimuuliza.

"Toka asubui mpaka saa ya kupika bukari ya muchana," alisema, akimaanisha ugali.

"Na kwa nini ulichagua hili la mwisho?"

"Ilikuwa murefu kupita zingine. Nilizani maombi ya murefu inafika muzuri."

Baba Ilunga alicheka kidogo, na Mama mwenyewe akacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimesoma wanazuoni wengi, lakini sikuwahi kuona neno lililotafutwa kwa namna ile. Niliuinamia ukurasa huo kama mtu aliyeingia kanisani akiwa amechelewa, asiyejua akae wapi.

"Mtoto anaendeleaje?" niliuliza hatimaye.

"Homa imepunguka. Leo ndiyo unauliza." Alilifunga daftari. "Siku ile bantu makumi ine balicheka, hata mumoja hakuuliza kama mutoto amelala. Sina kasirani, mwanangu. Telefone nilirudisha kwa Béatrice. Miaka makumi sita nilikaa bila kuandika, sikukufa."

Njiani nilimwambia Baba Ilunga kwamba ningerudi peke yangu, nimtake radhi kimyakimya. Akasimama.

"Ulimucheka wapi?"

"Kwenye kundi."

"Basi na musamaa inajua njia."

Ndiyo maana nakuambia haya, mwanangu. Kwenye simu humwoni mtu akilitafuta neno. Unaliona neno tu, limeshafika, na unadhani limekuja bila taabu. Soma kwanza anachoomba, ndipo utazame jinsi alivyokiandika. Ukiona lazima umsahihishe, mwandikie yeye peke yake, tena baada ya kumjibu lile lililomfanya aandike. Wengi wakiwa wanacheka, usiongeze kicheko chako. Huwezi kujua ni kipi kitakachomfanya aiweke simu chini asiishike tena. Na ukimwaibisha mtu mbele ya watu, mtake radhi mbele ya watu wale wale. Mungu aviongoze vidole vyako, akupe macho ya kuuona uso ulio nyuma ya maandishi, na siku utakapokosea wewe, akukutanishe na watu wenye subira.

Kesho yake asubuhi nilichukua penseli. Saa nzima ilinipita nikifuta na kuandika upya, kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu: "Bandugu, nilimucheka Mama Ntumba hapa mbele yenu. Alituomba maombi, miye nikamupa aibu. Minamuomba musamaa hapa hapa." Nikautuma ujumbe huo. Kisha, kwa kuwa yeye hakuwamo tena kwenye kundi, nikatembea hadi sokoni, nikasimama mbele ya mabeseni yake ya unga, nikamsomea kwa sauti, wanunuzi wake wakisikiliza.

Alinitazama mpaka nilipomaliza.

"Rudilia," alisema. "Ule mama wa nyuma hakusikia."

Nikarudia.