Nilisema Mungu Ndiye Aliniambia

Mimi ndiye nilikosea. Nianze hapo kabla sijaanza kujitetea, kwa sababu kujitetea najua sana. Nilidanganya kwa jina la Mungu, na aliyeumia si mimi.

Mimi huandika. Si gazetini, hapana, hakuna mtu ameniajiri. Niko na ukurasa wangu mdogo kwa mtandao, naandika maoni yangu juu ya mazingira, maisha na imani ya Kikristo. Naanza na miti, na mito, na takataka za plastiki, halafu namalizia na Yesu. Watu wa kanisa wananipenda. Wananiita mtumishi, na mimi nikazoea hilo jina haraka sana.

Ninaishi Kitengela. Nje ya geti langu nilikuwa nimepanda miche ya miti, na kila wiki nilikuwa naipiga picha kuonyesha wasomaji vile inakua. Niliimwagilia maji ya kununua, mke wangu akinung'unika kwamba nguo za watoto bado zinangoja kufuliwa.

Halafu mvua ikakosa. Wa huku mnajua, wakati kama huo ng'ombe huingia mjini kutafuta chochote. Asubuhi moja nikafungua geti nikakuta kundi la ng'ombe za watu sijui wa wapi, zinamaliza mche wa mwisho. Mzee aliyekuwa nazo akanisalimia vizuri, "Sopa." Mimi mtoto wa Kimaasai, niliyekuzwa na maziwa ya ng'ombe, sikuitikia.

Nikaingia ndani nikaandika. Niliandika kwamba kuhamahama na mifugo kunaharibu uumbaji wa Mungu, na zaidi ya hapo ni kukosa imani. Kwamba anayeamini hukaa pale Mungu amemweka, akangoja mvua kwa magoti. Nikatafuta na mistari ya kushikilia hayo maneno, na ukiwa na hasira mistari hukosi. Juu ya miche yangu sikuandika hata neno moja.

Ilisambaa kuliko kitu chochote nimewahi kuandika. Amina, amina, amina. Ikaingia kwa grupu za kanisa, ikafika mpaka nyumbani kwetu, huko ndani kupita Mashuuru, na pasta akaisoma mbele ya watu Jumapili.

Huko nyumbani ndiko alikuwa kaka yangu mkubwa. Nitamwita Lemayian. Baba alipokufa ni yeye alinilea. Aliacha shule ili mimi nisome, akabaki na ng'ombe. Kusoma hajui sana, kwa hivyo binti yake, msichana wa shule, humsomea kila kitu naandika, na yeye huzima redio kwanza ndiyo asikilize.

Wakati huo wanaume wa kwetu walikuwa wameshatuma watu kwenda kuangalia nyasi mbali, vile tumefanya siku zote kabla ya kuhamisha ng'ombe. Wakarudi wakasema nyasi iko, upande wa mpaka wa Tanzania. Majirani wakaanza kufunga vitu. Kaka pia alikuwa ameamua kwenda. Lakini yeye ni mzee wa kanisa, na ni ndugu yake wa tumbo moja ameandika kwamba kwenda ni kukosa imani. Akanipigia simu.

"Lalashe," akasema, ndivyo tunaitana ndugu kwa Kimaa. Akauliza watoto wako aje, mama yao yuko aje, kazi iko aje, yote polepole. Halafu akasema, "Hii kitu uliandika. Ni Mungu alikuambia, ama uliandika tu?"

Ni hapo. Kama kuna mahali ningerudishwa maishani, ni hapo. Ningemwambia, kaka, ng'ombe zilikula miche yangu nikakasirika, wewe hama. Lakini mke wangu alikuwa amekaa karibu anasikia, na simu ilikuwa inaingiza amina tangu asubuhi. Nikaona haya.

Nikasema, "Ni Mungu aliniambia."

"Basi nakaa," akasema. Na akanishukuru.

Hata baadaye ningeweza kumpigia nimwambie ukweli, sikumpigia. Nilijiambia mvua itanyesha tu, itafanya maneno yangu yawe kweli. Kila jioni nilikuwa natoka nje kuangalia mawingu. Si imani ilikuwa inanitoa nje, ilikuwa ni uoga.

Majirani wakaenda, kaka akabaki peke yake. Ng'ombe zikaanza kulala na kushindwa kuamka. Nilipeleka nyasi kavu ya kufungwa, ile ya belo, kwa pikapu ya kukodisha, lakini nilikuwa nimechelewa. Kulikuwa na mmoja mweupe tunamwita Naibor, watoto wa kaka wote wamekuzwa na maziwa yake. Tukamwinua, kaka kwa mkia, mimi kwa pembe, mke wake na msichana wakisukuma ubavuni. Akasimama. Akanusa nyasi yangu, akaanguka tena, na hakuamka. Kaka akanipangusa vumbi begani akasema, "Usilie, lalashe. Wewe ulisema tu kile Mungu alikutuma."

Wueh! Afadhali angenichapa.

Ziliisha zote. Halafu mvua ikanyesha, ya kubeba barabara, nyasi ikamea mpaka magotini na kwa boma hakuna wa kuila. Majirani wakarudi. Ng'ombe zao zilikuwa zimekonda, zingine zilibaki njiani, lakini zilikuwa zinatembea.

Siku hizi kaka yangu ni askari wa geti hapa Kitengela, kwa fleti si mbali na kwangu. Alikuja na msichana wake, anasoma hapa. Ng'ombe za watu zikipita anasimama, anaziangalia mpaka zipotee, halafu anarudi kukaa kwa kiti chake. Na bado anamsifu Mungu. Kanisani alishuhudia kwamba Mungu alichukua ng'ombe zake kwa sababu anazozijua mwenyewe, na yeye hana swali.

Hapo ndipo nimekwama. Nikimwambia hapakuwa na sauti yoyote, palikuwa na miche tu, nitakuwa nimemnyang'anya hata hicho kimebaki. Ataona ng'ombe zake zilikufa bure. Nisipomwambia, ataendelea kunishukuru. Nimefika kwa hilo geti mara nyingi nikiwa nimejipanga kabisa. Ananipa kiti chake, yeye anasimama, ananiuliza watoto wako aje. Namwambia wako sawa, halafu narudi nyumbani. Nimemwomba Mungu aniambie nifanye nini, na safari hii nasikiliza kweli, na sisikii kitu.

Ile makala niliifuta, lakini haikusaidia. Juzi jua lilipozidi tena nikaiona kwa grupu ya kanisa lingine huko Kajiado, bila jina langu, imewekewa picha ya msalaba, na chini watu wanasema amina. Nikaandika hapo kwamba haya si ya Mungu, aliyeyaandika alikuwa na hasira zake. Mama mmoja akanijibu shetani ashindwe.

Kwa hivyo nyinyi mnaoandika, nyinyi mnaohubiri, na hata wewe unatuma tu maneno kwa grupu, nawaomba. Ukiwa na hasira, sema ni hasira. Yakiwa ni maoni yako, sema ni yako. Usimsingizie Mungu. Kuna mtu mahali anakuamini kuliko vile wewe unajiamini, na yeye yuko na ng'ombe za kupoteza.

Nimetuma hii kwa huu ukurasa wa kuungama bila jina kwa sababu mimi ni mwoga. Lakini jioni msichana wa kaka bado humsomea kwa simu pale getini, na hivi visa vya watu kuungama anavipenda sana. Jina la kaka nimelibadilisha. La ng'ombe nimeliacha vile lilivyo.