Mama Ndoo Alivyomwachisha Mjukuu

Ukimtafuta Mama Ndoo pale kwenye makao ya wanyama, usihangaike kuuliza ofisini. Fuata kelele tu. Mahali mbwa wanapobweka kwa furaha kuliko kwingine kote, yupo hapo, ndoo ya maji mkono huu, ndoo ya chakula mkono ule, na mdomo haupumziki: "Subirini zamu, nyie! Mnagombania nini, kwani kuna aliyewahi kulala njaa hapa?" Jina hilo alibandikwa na dereva wa gari la kuokolea wanyama, mtu wa mzaha asiyeweza kumwita mtu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Likamganda, na sasa hata mwenyewe analiitikia.

Makao ni ya chama cha kutetea wanyama. Kuna uzio wa waya, mabanda mawili marefu ya sakafu ya saruji, chumba cha paka, na chumba cha daktari chenye meza ya bati. Dereva analeta waliogongwa barabarani, waliofungwa kamba mpaka ikaingia nyamani, walioachwa na wenyewe walipohama. Daktari anatibu. Mama Ndoo anafanya kinachobaki, na kinachobaki ndicho kirefu: kumfundisha mnyama aliyezoea kipigo kwamba mkono wa mtu unaweza kuja bila fimbo. Akishapona na kunenepa, anatafutiwa watu wa kwenda kuishi nao.

Na hapo ndipo kazi ya kuachisha inapoanza. Zamani kidogo palikuwa na jike mmoja wa rangi ya kahawia, Mama Ndoo alimlea kwa chupa tangu hajafumbua macho. Alipopata watu, watu wazuri tu, akagoma kula. Wakambembeleza, wakampikia nyama, wapi! Alikufa mbele ya bakuli lililojaa. Mama Ndoo alilia kama aliyefiwa, na wapo waliomcheka, eti mtu mzima analilia mbwa. Kuanzia hapo Daktari akaweka utaratibu: mnyama akishapata kwao, aliyemlea ajitoe kidogo kidogo. Chakula alete mwingine. Asimwite jina, asimtazame machoni. Na siku ya kuondoka afungiwe kipande cha blanketi alilolalia, tena lisilofuliwa, ili ugenini awe na harufu anayoijua. Mama Ndoo aliushika utaratibu huo kama kiapo, na hakuna mwingine aliyemfia tena.

Sasa, nyumbani huyu mama ana mjukuu. Watu wanamwita Kasuku, na ukikaa naye dakika mbili hutauliza kwa nini. Anaongea akila, anaongea akipiga mswaki, na bibi yake anaapa kwamba hata usingizini anaongea. Amelelewa na bibi tangu alipoachishwa ziwa, kwa kuwa mama yake alikwenda mji wa mbali kutafuta maisha. Wanalala chumba kimoja, kitanda kimoja, na Jumamosi wanakwenda wote kazini, Kasuku aoshe mabakuli na kuwasimulia mbwa habari za shule.

Siku moja binti akapiga simu. "Mama, nimepata nyumba. Na kazi sasa ni ya kueleweka. Shule zikifungwa, nakuja kumchukua mwanangu."

"Mtoto ni wako, mwanangu. Njoo," akajibu Mama Ndoo, tena kwa sauti ya kawaida kabisa. Simu ilipokatika akajikuta kaketi kitandani na kiatu kimoja mguuni, hajui kama alikuwa anavaa au anavua.

Alifikiri sana, maskini. Kila akimfikiria Kasuku katika nyumba ile ya mbali, alimwona yule jike wa kahawia na bakuli lake. Je, mtoto akigoma kula? Akidhoofika huko, nani atamjua? Mchelea mwana kulia hulia yeye, akajiambia. Basi akaamua kufanya anachokijua. Na mimi nakwambia, alikifanya kwa roho safi, ndiyo maana nashindwa hata kumkasirikia.

Alianza na sahani. Akamwomba jirani wa mlango wa pili awe anampakulia mtoto chakula jioni. Jirani akashangaa, "Kwani wewe unaumwa?" Akasema, "Siumwi. Nisaidie tu." Kisha akaacha kumwita. Kasuku akija na hadithi zake, bibi anatazama dirisha.

"Bibi, mbona huniangalii?"

"Nakusikia. Kwani unasikilizwa kwa macho?"

Mtoto akacheka, akadhani ni utani wao wa siku zote. Kesho yake hakucheka. Hadithi zikafupika, zikawa maneno, maneno yakawa "ndiyo" na "hapana", mwisho nyumba ikanyamaza. Jirani anasema ndipo alipojua kwamba ukuta kati ya vyumba vyao ni mwembamba, maana alikuwa hajawahi kuusikia ukimya.

Mama Ndoo hakuelewa kitu. Mnyama unapomwachisha, ananung'unika kidogo, halafu anamgeukia yule anayemletea chakula. Ndivyo ilivyo. Lakini Kasuku hakumgeukia jirani, hakumgeukia mtu. Wali ulirudi sahani nzima. Mama yake akipiga simu, mtoto anasema "sijui" mara tatu na kuirudisha simu. Bibi akajiuliza: labda nimechelewa kuanza? Labda nakaza kidogo? Akakaza. Usiku akamgeuzia mtoto mgongo kitandani, akalala macho wazi akihesabu makosa yake na asilione hata moja.

Wakati huohuo kazini alikuwa anamwachisha Mheshimiwa. Huyo ni mbwa mzee wa madoa, mwendo wa taratibu, kifua mbele, utadhani anakwenda kufungua mkutano. Alikuwa amepata kwao kwa fundi viatu mmoja mjane, mtu mpole anayeishi peke yake. Akaachishwa kwa utaratibu wote, akafungiwa kipande chake cha blanketi, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mama Ndoo akafurahi. Unaona, akajiambia, dawa ni ileile.

Jumamosi iliyofuata, Kasuku yuko bombani na mabakuli, kimya, gari la Dereva likaingia. Akashuka fundi viatu, uso umemshuka. Nyuma yake Mheshimiwa, mbavu nje.

"Hali kitu, mama," fundi akasema. "Anakaa mlangoni tu. Sijui nimemkosea nini. Mimi nampenda, lakini sitaki afie mikononi mwangu."

Mama Ndoo aliziachia ndoo zote mbili, maji yakatapakaa. Alipiga magoti palepale kwenye tope, akamkumbatia yule mbwa, akamshika uso, akamtazama machoni. "Baba! Baba yangu wewe! Nani kakwambia nimekutupa? Hebu niangalie. Niangalie, Mheshimiwa wangu."

Bakuli likaanguka. Wote wakageuka. Kasuku alikuwa amesimama na sabuni mpaka kwenye viwiko, na yale maneno yote aliyoyaweka yakatoka kwa mkupuo mmoja.

"Kumbe unaweza! Kumbe macho yako ni mazima! Kwa hiyo na mimi lazima nirudishwe ndio uniangalie? Nimefanya nini, Bibi? Kama umenichoka si ungesema? Nami nikienda kwa mama nitakaa mlangoni nisile, nikondekonde, halafu wanirudishe kwa gari la Dereva!"

Dereva, ambaye hajawahi kukosa mzaha maishani mwake, siku hiyo aliukosa. Mama Ndoo akabaki na magoti yake kwenye tope. Akamtazama mbwa, akamtazama mtoto, akamtazama tena mbwa.

"Sikukuchoka," akasema. Sauti ilimtoka nusu. "Nilikuwa nakuachisha. Ili usije ukateseka."

"Unaniachisha? Mimi ni mbwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sijui, mjukuu wangu. Haki ya Mungu sijui. Nilidhani najua." Akaanza kulia, na Kasuku naye akaanza, na Mheshimiwa akawa anamlamba huyu akihamia kwa yule, hajui pa kuanzia. Mtoto alikuwa amekuja bila kuitwa, ameshajipenyeza kwenye lile kumbatio.

Daktari alitoka chumbani kwake na glavu mikononi, akaelezwa. Akajikuna kichwa kwa kiwiko. "Utaratibu uliwafaa wengi," akasema. "Huyu haukumfaa. Sijui kwa nini, mama." Aliyesema la maana ni fundi viatu. "Sasa mimi siwezi kuwa nakuja hapa jioni? Nikae naye na wewe ukiwepo. Tule wote, mpaka anizoee."

Basi ikawa hivyo. Kila jioni fundi alikuja na kigoda chake, wakakaa watatu, bakuli katikati. Na binti alipofika kumchukua Kasuku, Mama Ndoo hakutaka aondoke haraka. Akamzuia wiki nzima. Walipika pamoja, mmoja anakatakata, mwingine anakoroga, Kasuku katikati akiwasimulia wote wawili kwa pamoja na kuwagombeza wasiposikiliza. Binti akaanza kuzijua hadithi zake. Sahani zikawa zinarudi tupu.

Siku ya safari, Kasuku aliamka mapema akafua nguo zake zote, akazianika, zilipokauka akazikunja mwenyewe. Bibi akatia ndani ya begi kipande cha shuka yake, hakukifua. Wakakumbatiana mlangoni muda mrefu, wakitazamana machoni. Gari likaondoka, mtoto bado anaongea dirishani.

Jirani alileta sahani ya wali, akaifunika, akaiacha mezani. Mama Ndoo aliifunua, akaifunika tena. Akasema ajilaze kidogo, akauweka vizuri mto, na chini yake mkono ukagusa sufu. Sweta la shule! Limekunjamana, lina doa la wino, linanuka jasho na mabanda ya mbwa.

"Hee! Mtoto huyu!" akafoka peke yake. "Kafua vyote, uchafu huu ndio kanifichia kitandani!" Akalichukua, akatoka nje, akajaza ndoo maji, akatia sabuni. Akaliinua ili alitumbukize.

Mkono ukasimama juu ya maji.

Kisha akaimwaga ile ndoo, akarudi ndani, akaketi na sweta mapajani, akavuta sahani.