Vitunguu vya Mama Pua

Katika kiwanda cha sabuni cha kampuni yenye matawi kila bara, hakuna mche unaotoka bila kupita puani mwa Mama Pua. Jina lake jingine lipo kwenye kitambulisho, ambako halimsumbui mtu. Kazi yake ni kunusa, na masharti humfuata hadi nyumbani: asijipulizie manukato, asile kitunguu. Mumewe, ingawa hakuajiriwa na kampuni yoyote ya ng'ambo, ameyatii tangu wiki ya harusi.

Kila mwaka kampuni huuliza wafanyakazi kama wameridhika. Unachagua kikatuni kimoja kati ya vitano, kuanzia kinacholia hadi kinachocheka. Mama Pua huchagua cha nne, maana wanaochagua cha tatu huitiwa mshauri. Anachokitaka hasa hakina kikatuni: ukuu wa chumba cha kunusa. Wakuu, ambao hawanusi bali husimamia na kusaini, huletwa kutoka makao makuu. Yeye huwafundisha, wao hupanda cheo na kuondoka. Ameomba nafasi hiyo mara mbili. Ya kwanza alipewa cheti, ya pili mwavuli.

Mkuu wa sasa alipoaga, Mama Pua akaomba tena.

"Mama, wewe ni hazina yetu," meneja akamwambia. "Tukikupandisha, nani atanusa?"

"Kumbe kosa langu ni kuijua kazi."

"Usilichukulie hivyo."

Jioni akapitia sokoni. Mumewe alipouona mzigo wa vitunguu, akatafuta pa kukaa.

"Mama watoto, wamekufukuza?"

"Bado. Kata vyembamba."

Asubuhi, sabuni mpya ikisubiri kunuswa na lori likinguruma getini, alimsalimu meneja kwa ukaribu usio wa kawaida. Meneja akarudi nyuma.

"Umekula kitunguu? Leo?"

"Uliuliza nani atanusa, bosi. Mabinti wawili niliowafundisha wako ndani. Mimi nasimamia."

Mabinti wakanusa, wakakataa fungu moja, wakapitisha mengine. Lori likaondoka. Meneja akabaki mlangoni, leso puani.

"Hiyo harufu inakaa muda gani?"

"Siku mbili hivi. Ila nimenunua gunia."

Usaili ukapangwa Jumatatu.

"Wakikunyima?" mumewe aliuliza usiku huo, kisu mkononi.

"Gunia lipo."

"Na wakikupa?"

"Mkuu hanusi, baba watoto."

Mume akapima pande zote mbili za jambo hilo, hakuona hasara, akaendelea kukata.