Hodi Chini ya Dohani

Jirani anabomoa dohani yake ya zamani, na harufu ya masizi yenye unyevu inanirudisha Rosettenville, kwenye nyumba ya shamba tuliyoishi, iliyojengwa na Waingereza kabla jiji la Johannesburg halijaifikia. Ilikuwa ya matofali mekundu, kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu, na dohani pana ambayo mtoto angeweza kusimama ndani yake.

Baba, mwenyeji wa Johannesburg, alimwoa mama huko Tanga akiwa uhamishoni. Wiki ile wageni kutoka nchi nyingine walipokuwa wakipigwa mitaani, alimkataza asimwitikie mtu yeyote mlangoni, lugha yake isije ikamfichua. Lakini mchana mmoja mlango ulipogongwa, mama aliitika kwa mazoea, "Karibu."

Papo hapo akanisukuma ndani ya dohani. "Usimwitikie mtu, mwanangu."

Waliuvunja mlango kwa shoka. Niliona viatu tu, na rungu likishuka. Mfupa wa mkono wa mama ulipovunjika, kishindo kilipita kwenye matofali hadi mgongoni mwangu.

"Eish, inatosha," mmoja alisema. Wenzake waliendelea.

Walipoondoka, mama alijiburuta hadi kwenye jivu, akagonga tofali kwa mkono uliobaki mzima.

"Hodi, mwanangu."

Alipiga hodi mara tatu, kama mgeni mwenye adabu. Sikuitika.