Shati Jeupe la Relja

Relja alikuwa na miaka kumi na saba alipoanza kuja kazini na shati jeupe. Kazi yetu ni kuziba pancha na kubadilisha matairi, na mtu anayevaa shati jeupe mahali kama pale ama amechanganyikiwa ama kuna kitu anakisubiri. Nilijua anasubiri nini. Mji mzima ulijua, ila ulijifanya una mambo mengine.

Kalina, msichana wa darasa lake, alikuwa amemzalia mtoto wa kike. Huku kwetu kwenye bonde la mto Timok, mwanamume akipata mtoto, watu humvamia wakamchania shati mwilini. Huyu anavuta mkono, yule anavuta kola, wa tatu anamalizia mgongo, kisha anazungushwa mitaani kifua wazi akinyweshwa rakija, pombe kali ya matunda, hata kama ni Februari na theluji. Mimi nilipopata wangu walinichania mpaka fulana, na padri alikuwa mmoja wao. Anayeanza ni mtu wa ukoo au wa rika, wengine hufuata. Na asiyechaniwa, kwa macho ya watu, bado si baba wa mtu.

Basi Relja akavaa shati lake moja zuri, akaja kuinua jeki. Wateja walilitazama, wakampa mkono kama wanampa pole ya msiba. Wenzake wa shule wakapita na baiskeli.

"Vipi, Relja?"

"Poa tu."

"Haya, baadaye."

Wakaenda zao. Waliogopa kwamba wakimchania atadhani wanamcheka, na mimi nilitamani kuwarushia spana. Miezi yote ya mimba walikuwa wakimtania kuwa atafanya mtihani huku anabembeleza mtoto, na siku ya kumtania kwa furaha ilipofika wakaingiwa na adabu.

Kijana mwenyewe alikuwa amekufa ganzi tangu kiangazi, siku Kalina alipomwambia. Alikula, alifanya kazi, alijibu akiulizwa, basi. Vidoje, baba yake Kalina, muuza kuni mwenye mikono mizito, alikuwa ameshapitisha hukumu: mtoto atabeba jina la nyumba yake, Kalina atamaliza shule, na Relja asionekane karibu na mtoto. Relja alisikiliza yote hayo kama anayesomewa taarifa ya hali ya hewa.

Siku ile ya kwanza, tukila mchuzi wa maharage, nilimuuliza, "Unajisikiaje?"

"Sisikii kitu, mzee Borko."

"Hata furaha kidogo?"

"Hata woga. Kama mguu uliokaliwa."

"Mguu uliokaliwa ukiamka huuma, mwanangu."

"Uume basi. Lakini hauamki."

"Na hilo shati?"

Akalichovya tonge la mkate kwenye mchuzi, akaliacha humo. "Nilifikiri wakilichana nitajua."

"Utajua nini?"

"Kama ni mimi kweli."

Jioni mama yake, Vinka, alilifua na kulipiga pasi, na kesho yake jioni vilevile. "Vaa sweta, mwanangu," alimwambia. "Hawaji hao."

"Lipige pasi tu, mama."

Kisha Kalina akapiga simu kutoka hospitali. Yeye na mtoto walikuwa wanaruhusiwa kutoka. "Baba amesema ukija atakuvunja," alimwambia. "Njoo hivyohivyo."

Nilimpeleka kwa gari langu. Mlangoni tulikuta sherehe, lakini haikuwa yetu. Familia nyingine ilikuwa imekuja na bendi ya tarumbeta kuchukua mtoto wao, na baba wa mtoto, jitu la ndevu, alisimama kifua wazi amelewa chakari. Pembeni alikuwepo Vidoje na dada zake wenye maua, kimya. Relja alivua koti, akaliacha kwenye gari, akaenda moja kwa moja kwa Vidoje. Alitembea kama anakwenda kununua mkate.

"Nilikwambia nini?" Vidoje akauliza.

"Nisije."

"Na umefanya nini?"

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Huna mwana hapa."

Akamkamata kola amtupe nje ya geti. Niliuona uso wake, ulikuwa wa hasira, si wa mila. Lakini shati lile lilikuwa limefuliwa sana, nalo likapasuka kutoka kola hadi tumboni, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapiga tarumbeta.

Yule baba mwenye ndevu akageuka. "Jamani, babu amechana," akasema kwa furaha. "Hapa pia kuna baba."

Hawakuuliza zaidi. Walevi wale wakamwangukia Relja, bendi ikahamia kwetu, mmoja akaondoka na mkono wa kulia, mwingine na wa kushoto, bibi mmoja mwenye kilemba akajitwalia mgongo. Relja alisimama ametanua mikono, haoni, hasemi. Vidoje alibaki na kola mkononi, na wanawake asiowajua wakimbusu mashavuni, "Hongera, babu." Alifungua kinywa aseme. Aseme nini? Kwamba yeye, mbele ya dada zake na bendi, alikuwa anampiga mtoto wa watu mlangoni pa wodi ya wazazi? Akakifunga.

Hapo Kalina akatoka, amekonda, anatembea taratibu, na nesi nyuma yake na mtoto ndani ya blanketi. Nesi akatuangalia wote.

"Huyu baba yake ni nani? Haraka, upepo unaingia."

Kalina alimtazama baba yake. Relja naye akamtazama Vidoje, hata kujitetea hakujitetea. Tarumbeta zilikuwa zimenyamaza, wapigaji wanapangusa midomo, na mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, mimi ambaye padri siku hizi huniona kwa ajili ya matairi tu.

Vidoje aliikunjakunja ile kola, akaitia mfukoni.

"Kwani huoni?" akamwambia nesi. "Huyo mwenye kifua wazi."

Nesi akamlaza mtoto kwenye kifua kitupu cha Relja. Kichanga kikahangaika kidogo, kikatulia. Nilisogea karibu, maana mikono ya kijana ilianza kutetemeka, kisha mabega, kisha kidevu. Machozi yakamtoka bila yeye kubadilisha uso.

"Nini, mwanangu?"

"Nasikia baridi, mzee Borko," akasema. "Nasikia baridi sana."

Vidoje akatukana chinichini, akavua koti lake lililojaa unga wa mbao, akamvika mabegani na kulifunga mbele hadi kwenye kichwa cha mtoto.

"Shika vizuri," akamwambia. "Shingo. Mshike shingo."